Kuunganishwa kwa Mboni Kassimu

Fundi Hidaya Semboja wa Korogwe hakuwa mtu wa kusadiki kila asikialo, wala wa kusimulia kila aonalo. Aliporudi kutoka nchi ya Masijala alikaa miezi mitatu akishona mapazia ya watu bila kusema neno juu ya alikokuwa. Haya aliyatoa baadaye, kidogo kidogo, na kwa kuwa si mwanamke wa kutia chumvi, yanasimuliwa hapa kama alivyoyasema.

Aliitwa huko kushona sare. Nchi nzima ya Masijala ni shirika moja: kila azaliwaye humo ni mwanachama, na kila mwanachama ana rekodi yake katika Daftari. Daftari lenyewe halina hata karatasi moja. Limo ndani ya kompyuta za jengo la ghorofa sita, na jengo hilo ndilo pekee linalopakwa rangi kila mwaka. Watu wa huko ni wapole, wasafi, hawapandishi sauti. Wakikutana asubuhi hawaulizani habari za kuamka. Mmoja husema, "Umehuishwa?" yaani rekodi yako imesasishwa, na mwenzake hujibu, "Nimehuishwa, sijui wewe."

Watu wengi hawakujua tarehe zao za kuzaliwa, na kwa kuwa uga wa tarehe, yaani nafasi ya kuijaza kwenye kompyuta, haukubali kuachwa wazi, makarani wa mwanzo waliwaandikia wote tarehe mosi Januari. Kwa hiyo siku hiyo theluthi mbili ya nchi husherehekea kuzaliwa, na theluthi iliyobaki hupika.

Jirani na nyumba aliyofikia Hidaya alikaa Mzee Chambuso, aliyekuwa akichechemea mguu wa kushoto. Hidaya akampa pole.

"Sina ugonjwa, mwanangu," mzee akasema. "Karani aliteleza kidole akaniandikia ulemavu. Kurekebisha kuna foleni. Nimeona ni adabu nichechemee mpaka zamu yangu ifike."

Alikuwa ameingoja zamu hiyo miaka kumi na mmoja, na goti sasa lilikuwa linamuuma kweli.

Sare zilikuwa mia nne. Hidaya alitoa futi yake shingoni siku ya kwanza ili aanze kuwapima watu, na karani aliyepewa kumwongoza, kijana mmoja mnyamavu aitwaye Zamoyoni, akamzuia kwa heshima. Kwa sheria ya huko, nguo hushonwa kwa vipimo vilivyomo kwenye Daftari. Mwili, Zamoyoni alieleza, hubadilika bila kutoa taarifa. Mtu akivaa sare ikampwaya au ikambana, husemwa kwamba bado hajalingana, na watu humpa muda.

Hidaya akashona alivyoagizwa. Kazi ni kazi, na mwenye nguo ndiye mvaaji.

Tatizo lilikuja alipofika kwenye jina la mwenyeji wake. Alikuwa amepangiwa kukaa kwa Mboni Kassimu, mwalimu wa chekechea, mwanamke mfupi, mnene, mcheshi, mwenye mimba ya miezi minane. Orodha ilisema: Mboni Kassimu, mwalimu na mpishi, sare moja, urefu futi tano na inchi kumi, kiuno inchi arobaini na nane, mjane, mjamzito.

Hidaya akamtazama mwenyeji wake, ambaye hata akisimama juu ya kigoda asingefika futi tano na nusu. Na mumewe, Bwana Ngoda, alikuwa pale pale sebuleni anachonga mguu wa kiti.

"Mwalimu, wewe ni mjane wa nani?"

"Wa Athumani Kilua," Mboni akajibu bila kuinua uso kwenye mchicha aliokuwa akiuchambua. "Sikuwahi kumwona. Wanasema alikuwa mtu mzuri."

Saa nane mchana mlango ukabishwa, akaingia mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye umri wa kama miaka arobaini na saba. Hakusalimu. Alinyoosha mkono, mwenyeji akavua kitambulisho shingoni akampa, na yule mrefu akakivaa, akatoka.

"Huyo naye nani?" Hidaya akauliza.

"Mboni Kassimu," akasema Ngoda.

Ilibidi Zamoyoni amweleze. Walikuwa wawili hadi mwezi wa nne wa mwaka huo. Yule mrefu ni wa Mlimani, mpishi wa kantini ya jengo la Daftari kwa miaka ishirini na miwili. Huyu mfupi ni wa Bondeni. Baba zao, ambao hawakuwahi kujuana, wote waliitwa Kassimu. Mwaka wa kuzaliwa wa yule mfupi uliandikwa vibaya zamani ukalingana na wa yule mrefu, na tarehe za wote wawili ni mosi Januari. Sheria ya Masijala inasema hakuna mtu atakayeandikwa mara mbili. Kwa hiyo mfumo ulipopita kutafuta marudio, ukawaona, ukawaunganisha. Pale ambapo nyuga zao zilitofautiana, lilibaki lililoandikwa karibuni zaidi. Urefu ukawa wa mpishi, kiuno kikawa cha mwalimu, ujane wa mpishi, mimba ya mwalimu. Mjane wa miaka miwili mwenye mimba ya miezi minane hakumshangaza mtu yeyote. Wangeshangaa kama uga ungeachwa wazi.

"Na wenyewe walisemaje?"

"Waliarifiwa," akasema Zamoyoni.

Kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili, wanawake wale walipewa kitambulisho kimoja. Asubuhi mwalimu alikivaa akafundisha. Alasiri mpishi alikivaa akapika. Asiyekuwa nacho alitakiwa kukaa ndani. Akitoka barabarani, watu walimpita bila kumwitikia. Hawakuwa na chuki naye hata kidogo. Kwa ufahamu wao, pale hapakuwa na mtu.

Haya yote Hidaya angeyachukua kama mgeni achukuavyo mila za watu. Kilichomtoa usingizini kilikuwa kingine. Siku moja mwalimu alimfungulia sanduku akamwonyesha kadi yake ya zamani ya kliniki, ya karatasi, imechakaa pembeni. Miaka mitano nyuma alijifungua mtoto akatokwa na damu nyingi sana. Mtoto hakuishi, na yeye aliponea chupuchupu. Madaktari walimwambia akishika mimba tena, damu iandaliwe mapema. Kadi ilisema kundi lake ni O.

"Na hospitali wameshaandaa?"

"Wameandaa. Chupa tatu za kundi B, la mpishi. Ndilo lililo kwenye Daftari."

Hidaya hakuwa mganga, lakini aliwahi kumuuguza dada yake hospitali, na alijua kwamba mtu wa O akitiwa damu ya B haamki.

"Si wakupime tena?"

"Walinipima asubuhi, ikaja O. Alasiri kitambulisho kikawa kwa mwenzangu, naye akaitwa, ikaja B. Majibu mawili ya mtu mmoja. Kanuni inasema yakipingana, hubaki lililoandikwa." Akaikunja ile kadi. "Nimewaonyesha hii. Wamesema hii si rekodi, ni ukumbusho."

Ngoda alikuwa ameacha kuchonga. Hidaya alimwona akiutazama mguu wa kiti kama mtu asiyekumbuka ni wa nini.

Walikwenda kwenye Baraza la Daftari wote wanne: Ngoda, Hidaya, mwalimu akiwa na kitambulisho, na mpishi nyuma yao bila kitambulisho, jambo lililowafanya wajumbe wahesabu watatu. Mwenyekiti alikuwa Msajili Mkuu, Bi Mashavu Kilindo, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliyeamuru waletewe chai kabla ya neno lolote.

Ngoda alisema kwa kifupi. Mke wake atakufa.

"Pole sana, baba," Bi Mashavu akasema, na ilionekana kweli imemgusa. "Ila kwenye rekodi wewe huna mke. Tutakuandika kama jamaa aliyefika."

Hidaya akainua mkono. Akasema kwamba yeye ni fundi cherehani wa mwaka wa thelathini, kwamba amewapima wanawake hawa kwa mikono yake, mmoja ni futi tano kasoro inchi moja na mwenzake futi tano na inchi kumi, na kwamba tangu azaliwe hajaona mtu akizidi inchi kumi na moja kati ya asubuhi na alasiri.

Mjumbe mmoja akauliza kama vipimo hivyo vilichukuliwa kwa wakati mmoja. Hidaya akasema wasimame sasa hivi vichukuliwe. Mjumbe akasema hilo lingekuwa kuhoji Daftari kwa futi, na akauliza futi yenyewe imesajiliwa wapi. Mwingine, mzee mwenye busara iliyojulikana nchi nzima, akashauri kwamba njia rahisi ni mama ajitahidi asitokwe na damu. Wa tatu akauliza: walikwisha kuunganishwa watu elfu moja mia mbili na kumi na wawili, hawa wakitenganishwa, wengine watasema nini?

"Isitoshe, haiwezekani," akasema Bi Mashavu. "Kitufe cha kuunganisha tunacho. Cha kutenganisha hakikuwahi kutengenezwa. Waliotutengenezea mfumo tuliwauliza, wakasema hakuna aliyekiomba."

"Basi kiombeni sasa!" Hidaya akasema.

"Tumeomba, fundi. Mwaka wa saba huu." Bi Mashavu akaweka kikombe chini. "Unadhani mimi silali nikiwafikiria? Lakini nikianza kuamini macho yangu, kesho kila karani ataamini ya kwake. Kabla ya Daftari nchi hii ilikuwa hivyo. Mtu alikuwa nani kutegemea nani anamjua. Wasiojulikana na mtu walikufa njaa. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao."

Baraza likapitisha azimio la pole, kwa sababu uga wa pole ulikuwepo, na kikao kikafungwa.

Zamoyoni aliwafuata nje. Alisimama kando, akizungusha kalamu vidoleni, na alipoanza kusema hakumtazama mwalimu, alimtazama mpishi, kitu ambacho Hidaya hakuwa ameona mtu wa serikali akikifanya.

"Rekodi mpya hufunguliwa kwa njia moja tu," akasema. "Kuzaliwa. Mama anatajwa, mkunga au mwanamke mzima aliyekuwepo anatia saini. Mfumo hauulizi umri wa aliyezaliwa. Haukuwahi kufikiri kwamba kuna haja."

Mpishi akasogea karibu.

"Unataka mmoja wetu azaliwe," mpishi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza Hidaya kusikia sauti yake.

"Azaliwe na mwenzake. Aliyebaki atakuwa Mboni peke yake. Atapimwa asubuhi na alasiri, majibu yatalingana, na kundi litarekebishwa papo hapo. Ila atakayezaliwa atakuwa hana kitu. Hana kazi, hana cheti, hana ndoa. Hatoruhusiwa hata kushika kisu jikoni. Na mwenye mimba hawezi kuwa yeye, maana mtoto mchanga hajifungui."

Kwa hiyo hapakuwa na la kuchagua ila mtu mmoja. Wote walimtazama mpishi kisha wakaona haya wakaangalia pengine. Mwalimu hakumwomba. Alisema tu, "Mwenzangu, usijibu leo," akamshika mkono, na mpishi akauondoa mkono wake, akaenda zake katikati ya watu waliompita bila kumwona.

Hakuonekana siku mbili. Kitambulisho kilikaa juu ya meza alasiri zote mbili na kantini watu walikula wali mbichi.

Siku ya tatu alikuja asubuhi na mapema, wakati usio wake, kabla mwalimu hajatoka kwenda kufundisha. Alikaa mkekani mbele ya Hidaya, si mbele ya mwalimu.

"Wewe ni mgeni, nitakwambia wewe," akasema. "Kazi siililii. Nimepika miaka ishirini na miwili, hakuna aliyewahi kusema asante. Lakini makaburini kwetu haingii mtu ila aliyeandikwa kuwa wa marehemu. Kila Ijumaa nakwenda kwa Athumani. Nafagia, namweleza ya wiki. Nikiandikwa mtoto mchanga, mlinzi atanizuia getini. Mume wangu atalala pale kama mtu asiye na mtu."

"Basi usifanye," Hidaya akasema. Alishangaa kujisikia akisema hivyo, na mwalimu yuko chumba cha pili.

"Nilimuuliza Athumani," mpishi akasema. "Hakujibu, hakuwa msemaji hata alipokuwa hai. Lakini nilijikumbuka nikimwambia, wiki baada ya wiki, jinsi ninavyomchukia huyu mwanamke mfupi aliyenivalia jina. Nikaona aibu. Nikaona hata yeye amechoka kusikia." Akasimama. "Niandikeni kabla sijabadili nia."

Walikwenda hospitali saa nne asubuhi. Mkunga wa zamu alikataa kutia saini, akasema amebakiza miaka sita tu astaafu, lakini alitoka nje na kuufunga mlango taratibu, na huko Masijala huo ni ushujaa. Ikabaki saini ya mwanamke mzima aliyekuwepo. Hidaya tangu ajue kuandika alikuwa hajawahi kuweka jina lake chini ya uongo; hata risiti za vitambaa alizihakiki mara mbili. Kalamu ilimlemea kama pasi ya mkaa.

Zamoyoni alikuwa ameketi kwenye kompyuta. "Jina la mama?"

"Mboni Kassimu," akasema mwalimu.

"Jina la mtoto? Msiseme Mboni, mtaunganishwa tena."

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Zamoyoni akaandika, "Mtoto wa Mboni," kama waandikwavyo wasiopewa jina bado.

"Uzito?"

"Kilo sitini na moja," mpishi akasema.

Mfumo ulikubali. "Urefu?" Ulikubali pia. "Alilia alipozaliwa?" Zamoyoni akasita. "Huu uga ni wa lazima. Ndiyo au hapana."

Wakageuka. Yule mwanamke mrefu alikuwa amesimama wima kando ya mizani ya watoto, mikono imeshuka, na machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni bila sauti yoyote.

"Andika alilia," Hidaya akasema. Na akatia saini.

Siku ile ile mwalimu alipimwa asubuhi na alasiri, ikaja O mara zote mbili, na kabla jioni haijaingia chupa tatu za B zilirudishwa ghalani zikaja nyingine. Siku ya tisa, adhuhuri, uchungu ukamshika. Akajifungua mtoto wa kike, kisha damu ikaanza, kama mara ya kwanza. Chupa zote tatu zilikwisha. Ngoda alikaa nje ya mlango, kwa kuwa jamaa aliyefika haruhusiwi kupita hapo, na aliyeingia akashika mkono wa mgonjwa tangu adhuhuri hadi alasiri ni yule mrefu, kwa kuwa mtoto mchanga hawezi kutenganishwa na mama yake. Saa kumi daktari akatoka akisema amepona.

Mtoto mwenyewe ndiye aliyeleta shida. Mfumo ulimkataa. Mwanamke aliyejifungua siku tisa nyuma, ulisema, hawezi kujifungua tena. Zamoyoni alikuna kichwa saa nzima, mpaka akauona uga mmoja usiotumika sana: pacha aliyechelewa. Akautia alama, na mfumo ukatulia, ukataka majina ya wote wawili. Na kwa kuwa mapacha huitwa wanavyoitwa kila mahali, aliyetangulia akaandikwa Kurwa, na huyu mdogo Doto.

Ndivyo Kurwa alivyoanza maisha. Kila mwezi alitakiwa kliniki kupimwa uzito, na manesi walisikitika kwamba haongezeki. Alichanjwa mkono wa kulia, akapata homa. Alipewa unga wa uji, na kwa kuwa alikatazwa kukaribia jiko la shirika, alikaribia la mwalimu, na Ngoda akanenepa. Kantini watu walianza kuulizana kimyakimya yuko wapi yule mpishi. Mmoja alisema anahisi walikuwa na mpishi, wengine wakamwambia aangalie Daftari.

Ijumaa ya kwanza mwalimu alipoweza kutembea, aliwachukua wote wawili wakaenda makaburini. Mlinzi akaisoma rekodi: Mboni Kassimu, mjane wa Athumani Kilua, pamoja na watoto wake. Akafungua geti. Mwalimu akabaki na Doto kivulini penye ukuta, akageuza uso, na Kurwa akaenda peke yake na ufagio. Alikaa muda mrefu. Aliporudi mwalimu alimuuliza, "Umemweleza?" Akasema, "Nimemweleza. Safari hii alicheka."

Hidaya alimaliza sare zake karibu na siku ya arobaini ya uzazi. Alisindikizana nao kliniki siku hiyo, kwa kuaga. Nesi alikuwa mpya, hakujua habari yoyote. Aliisoma kompyuta muda, kisha akainua macho.

"Doto namwona. Kurwa yuko wapi?"

"Niko hapa," akasema yule mwanamke mrefu, ambaye ndiye aliyempakata mtoto.

Nesi akamtazama, akaitazama kompyuta, akaandika. "Na huyo uliyempakata ni nani kwako?"

Zamani wangemtazama Zamoyoni ili awaambie la kujibu, lakini Zamoyoni hakuwepo. Mwalimu alifungua mdomo. Kurwa hakumngoja. Alikuwa akimfunika mtoto miguu, na alijibu bila kusita, kama mtu anayeulizwa jina la mtaa wake.

"Pacha wangu."

"Mnafanana," akasema nesi, akaandika.

Hidaya akageuka akawaangalia kwa jicho la fundi, uso kwa uso, paji la uso, masikio, namna ya kukaza midomo. Akaona kweli, walikuwa wanafanana.